Cheo ni Dhamana: Ndugu Wawili wa Kraków

Yakobo na Yohane walimwomba Bwana wetu viti viwili, kimoja kuume na kingine kushoto. Ombi hilo halikuishia kwao. Tuitazame leo nyumba ya kifalme ya Polandi, ambamo viti vilipatikana kwa wingi.

Mfalme Kazimierz wa Nne alijaliwa wana sita, na wanne kati yao walivikwa taji. Tuwatafakari wale wawili wasiopata ufalme: Kazimierz, aliyezaliwa mwaka 1458, na Fryderyk, mdogo wa kiume wa mwisho, aliyezaliwa Kraków mwaka 1468.

Fryderyk hakukosa kiti, kwani alitafutiwa kiti cha Kanisa. Mtaguso wa Tatu wa Laterani ulikuwa umeagiza, mwaka 1179, kwamba askofu awe ametimiza miaka 30. Lakini mwaka 1488 mtoto huyu wa mfalme alichaguliwa kuwa Askofu wa Kraków akiwa na miaka 20 tu. Mwaka 1493 akafanywa Kardinali na Askofu Mkuu wa Gniezno, naye asiiache Kraków. Mchungaji mmoja, mazizi mawili! Tusimdhulumu: vitabu vya liturujia vilichapishwa kwa ajili ya mapadre wake. Hata hivyo shughuli za ufalme zilimvuta daima. Mwaka 1501 alimvika taji kaka yake Aleksander, na mfalme alipokuwa Lituania, Kardinali ndiye aliyeangalia nchi. Alifariki tarehe 14 Machi 1503, akiwa na miaka 34.

Naye Kazimierz je? Akiwa na miaka 13 alipelekwa na jeshi kuitafuta taji ya Hungaria, akarudi mikono mitupu. Baadaye aliiangalia Polandi kwa niaba ya baba yake, akajulikana kwa sala na kwa huruma yake kwa maskini. Kifua kikuu kilimwondoa tarehe 4 Machi 1484, akiwa na miaka 25. Hakuwa mfalme wala padre. Lakini ndiye Mtakatifu Kasimiri, ambaye Kanisa lote humkumbuka kila tarehe 4 Machi.

Ndugu zangu, hatusemi kwamba cheo ni dhambi. Twasema cheo ni dhamana, na mwenye mali atakuja kuidai. Sisi wazazi tunaowatafutia watoto nafasi, sisi makatekista na viongozi wa jumuiya tunaogombea viti vya mbele, tujiulize: tumekitafuta kiti, au tumewatafuta kondoo?

Katika Kanisa Kuu la Wawel, Kraków, lipo kaburi la shaba la Fryderyk, lililokamilika mwaka 1510. Hapo Kardinali amechongwa akipiga magoti mbele ya Bikira Maria na Mtoto Yesu, huku Mtakatifu Stanislaus akimwombea. Mwana wa mfalme amekuwa mwombaji. Heri yetu tukipiga magoti hayo tungali hai.

Tumsifu Yesu Kristo.