Kanisa Dogo la Rabai na Watoro Wake

Somo letu la leo ni la historia, na halitatupeleka mbali. Twende Rabai, nyuma ya Mombasa. Zamani msafiri alitoka kisiwani kwa mashua, akafuata mkono wa bahari uingiao bara hata maji yakaisha, kisha akapanda mlima kwa miguu. Huko juu kuna minazi mingi, na ndipo penye kanisa la zamani ambalo habari zake nataka kuwasimulia.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa kwamba historia ya Rabai ni historia ya Wazungu wawili, Krapf na Rebmann. Tulikariri tarehe zao, na katika mtihani tuliulizwa tarehe hizo hizo. Habari za watu waliokaa katika viti vya kanisa lile hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Leo nataka kuzungumza zaidi juu ya watu hao, maana siku moja katika mwaka 1888 maisha yao yote yalitiwa katika mizani.

Lakini hao wawili lazima niwataje, tusije tukajenga nyumba bila msingi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine, na kaburi lake liko ng'ambo ya Mombasa hata leo. Rebmann alifika mwaka 1846, na tarehe 25 Agosti wakahamia Rabai baada ya wazee wa mji kukubali kuwapokea. Wote wawili walikuwa na homa siku hiyo, nao walikuwa na punda mmoja wa kuwapandisha mlimani. Baadaye Krapf akarudi Ulaya. Rebmann akabaki karibu miaka 30, akiandika maneno ya lugha zetu katika daftari hata macho yake yakapofuka. Mwaka 1875 aliondoka akiongozwa mkono, na mwaka uliofuata akafa kwao.

Je, katika miaka hiyo yote walipata Wakristo wangapi? Wachache sana. Mmoja wa wale wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, mtu kilema. Baadaye alikuwako mzee aitwaye Abe Gunja, na mwanawe Nyondo. Wenyeji wa Rabai hawakuwachukia wageni wale, waliwavumilia tu. Walikuwa na kaya yao, na maombi yao ya mvua, na tembo lao la mnazi ambalo hapana arusi wala mazishi yaliyofanyika bila hilo. Mtu aliyekuja kuwaambia waliache tembo alikuwa kama mtu aliyewaambia waache jamaa zao. Nasema hivi bila kumcheka mtu: tukitaka kujua kwa nini jambo halikwenda, lazima tutazame pande zote mbili.

Basi, kanisa lile lilikuzwa na nani? Hapa ndipo habari inapogeuka, na kwanza itabidi tuvuke bahari mpaka Bara Hindi.

Siku zile manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyochukua watumwa baharini. Wale waliookolewa hawakuweza kurudishwa kwao, maana wengi walikuwa watoto, hawakujua hata njia waliyopitishwa. Baadhi yao walipelekwa Bombay, kisha mji wa Nasik, ambako mmisionari William Salter Price alikuwa na makao ya Waafrika. Huko walifundishwa kusoma na kuandika na kazi za mikono. Mmoja wa watoto hao alikuwa Myao, akapewa jina la William Henry Jones. Mwaka 1864 yeye na mwenziwe Ishmael Semler waliletwa Rabai kumsaidia Rebmann. Fikirini: mtu ameuzwa utotoni, amekulia ng'ambo ya bahari, na sasa anarudi pwani ile ile ya Afrika, akijua Kiingereza na Kihindi, kuwafundisha watu ambao lugha yao si lugha ya mamaye.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza wasichukuliwe baharini. Baada ya hapo Price mwenyewe alikuja, akaanzisha kijiji cha Freretown mkabala wa Mombasa kwa ajili ya watu waliookolewa. Walakini sikilizeni vizuri, maana hapa wanafunzi wengi hukosea. Kilichokatazwa ni biashara. Utumwa wenyewe haukuondolewa. Mtu aliyekuwa mtumwa katika shamba la Malindi au Takaungu alibaki mtumwa, naye kwa sheria ya siku zile alikuwa mali ya bwana wake kama ulivyo mnazi au jahazi.

Kwa hiyo wakatoroka. Mashamba ya Malindi yalikuwa yamepanuka sana tangu miaka ya 1860, na kazi ilikuwa nyingi. Watoro walikimbilia bara, wakajenga vijiji vyao wenyewe porini. Kimoja kilikuwa Fuladoyo, ambako Mkristo mmoja wa Kigiriama, David Koi, alikuwa kiongozi wa waumini. Mwaka 1883 aliuawa kwa sababu ya watoro hao. Wengine walikwenda Rabai, na wengine Ribe na Jomvu kwa Wamethodisti. Walipofika hawakusema, "Sisi ni watoro." Nani angesema hivyo? Waliomba mahali pa kujenga kibanda, wakalima mihogo, wakapeleka watoto shule, na kengele ilipolia siku ya Jumapili wakaenda kanisani pamoja na wenzao. Baada ya mafundisho wengine walibatizwa, wakapata majina mapya. Jina jipya lilikuwa na faida yake ya kiroho, na nadhani hata mtoto aweza kuiona faida yake nyingine.

Jones alikuwa mmoja wa waliolichunga kanisa hilo. Tarehe 31 Mei 1885 Askofu Hannington aliwaweka yeye na Semler kuwa mashemasi. Mwezi Julai askofu akaondoka Rabai kwenda Uganda, na Jones pamoja naye, na wapagazi wapatao 200, baadhi yao waume na wana wa Freretown na Rabai. Mwezi Oktoba, walipofika kwa Mumia, askofu alimwacha Jones huko na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Katika wale 50 waliokoka wanne tu.

Jones alingoja huko mpaka mwezi wa Desemba, kisha akawarudisha waliobaki. Siku hizo hapakuwa na simu ya kupeleka habari mbele. Msafara wenyewe ndio ulikuwa barua. Tarehe 4 Februari 1886 watu wa Rabai waliona msafara unakuja na bendera ya buluu, imeandikwa kwa herufi nyeupe ICHABOD, jina la Agano la Kale, maana yake ni kwamba utukufu umeondoka. Katika vitabu vingi siku hiyo huandikwa kuwa siku ya msiba wa askofu. Ilikuwa hivyo kweli. Lakini kila mwanamke aliyesimama pale alikuwa akitazama safu ya watu wanaopita, akitafuta uso mmoja.

Sasa tufike mwaka 1888. Mwezi Septemba, Kampuni ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki ilipewa hati ya kifalme, na mwezi Oktoba mkubwa wake, George Mackenzie, alifika Mombasa. Alikuta mji umechafuka. Kusini, huko Pangani na Bagamoyo, watu walikuwa wamekwisha kuinuka juu ya Kampuni ya Wadachi. Na Mombasa wenye mashamba walikuwa na shauri moja kubwa: watumwa wetu wako kwa wamisionari, turudishieni. Walisema kweli, na sheria ilikuwa upande wao. Misheni kwa miaka mingi ilikuwa ikisema kwamba haipokei watoro, na wakubwa wake Ulaya walikuwa wamekataza jambo hilo. Price, ambaye sasa alikuwa mzee na amerudi kwa mara ya tatu, alikwenda Rabai kuulizia. Akakuta watoro ni mamia.

Tusimame hapa kidogo. Price alikuwa ndiye mkuu wa makao yale ya Nasik, mlezi wa Jones. Jones alikuwa ameuzwa mara zaidi ya moja kabla ya kuokolewa. Kanuni ya misheni ilimwambia asiwapokee watoro, na waliogonga mlango wake walikuwa watu waliopita njia ile ile aliyoipita yeye. Wako wanaomlaumu kwamba alivunja amri na kulitia kanisa lote hatarini, maana wenye watumwa wangeweza kuja na bunduki, kama ilivyokuwa Fuladoyo. Hatari hiyo ilikuwa ya kweli. Mimi siwezi kumlaumu. Kanuni ile iliandikwa na watu waliokaa London, ambao hawakupata kugongewa mlango usiku na mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Mackenzie alikuwa mfanyabiashara, naye aliitazama habari hii kama mfanyabiashara. Kuwarudisha watu kwa nguvu kungeleta vita na aibu kubwa huko Uingereza. Kuwaacha tu kungewaudhi Waarabu wa Mombasa, ambao Kampuni iliwahitaji. Akapatana na wenyewe kwamba watalipwa fidia. Fedha zilipatikana kwa Kampuni, na kwa serikali ya Uingereza, na kwa marafiki wa misheni. Jumla ilikuwa pauni kama 3,500, na watu waliokombolewa katika vituo vyote, vya Waanglikana na vya Wamethodisti, walizidi 1,400. Ninyi wa darasa la hesabu, gawanyeni. Mtaona kwamba kila mtu alipata kama pauni mbili na nusu, mkubwa na mdogo.

Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zilitolewa Rabai. Mtu aliitwa kwa jina, akasogea mbele, akapewa karatasi. Tangu siku hiyo aliweza kushuka mjini Mombasa mchana, akauza muhogo wake sokoni bila kujificha.

Lakini haikuwa furaha tupu. Misheni iliahidi kutopokea watoro tena. Maana yake ni kwamba aliyefika kabla ya siku ile alikuwa mtu huru, na aliyefika baadaye alikuwa mali iliyopotea, ingawa huenda walitoka shamba moja. Utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya haukuondolewa kwa sheria mpaka mwaka 1907, yaani miaka 18 baadaye. Tena kanisa lililojaa wageni waliotoka Uyao, Unyasa na kwingineko lilionekana na wenyeji kuwa kanisa la watu wa kuja. Ardhi ilikuwa ya Warabai, nao ndio waliowakaribisha Krapf na Rebmann bila kujua kwamba ukaribisho ule ungeleta mamia ya watu. Masikitiko juu ya mashamba yalikuwako, nayo yalikuwa na sababu.

Jones aliwekwa kuwa kasisi mwaka 1895. Watoto wa wale waliopewa karatasi walisoma. Wengine wakawa walimu, makarani, na watu wa reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Wengine walioana na Warabai, na leo wajukuu wao huenda hawajui ni bibi yupi aliyetoka wapi.

Ukifika Rabai, utaona kanisa na makumbusho yaliyopewa jina la Krapf. Lakini kazi ninayowapa kwa wiki hii haihitaji nauli. Kila darasa lichague mtu mmoja aende kanisani au msikitini kwao, au kwa mzee wa mtaa, aulize ni nani waliojenga pale kwanza na walitoka wapi. Aandike majina, hata kama ni matatu tu, ayalete darasani yasomwe kwa sauti. Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya ujenzi wa reli. Kwa herini.