Harufu Iliyolinda Maharage ya Bibi

Leo naanza na mfuko wa maharage.

Msimu uliopita mimi na mama tulinunua debe moja kwa wenyeji kabla bei haijapanda. Nikakumbuka jinsi bibi yangu kule Kivu alivyokuwa akitia majani ya lumbalumba ndani ya mtungi wa maharage, na maharage yakakaa. Basi nikachuma majani hayo hapa kambini, nikayaanika juani siku nne mpaka yakawa makavu kama karatasi, nikayatandaza juu ya mfuko, nikafunga kamba. Baada ya mwezi na nusu mama akafungua. Punje kwa punje zilikuwa na matundu ya duara, kama zimetobolewa kwa msumari, na chini ya mfuko kulikuwa na vumbi. Mama hakusema neno. Alianza kuchambua yaliyosalia, na siku ile tulikula nusu ya tulichopanga kula.

Nikasema moyoni kwamba haya ya wazee ni hadithi tu. Kumbe bibi alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Nilikosea wapi? Jibu nililipata katika historia ninayotaka kukusimulia leo.

Lumbalumba ni jina letu Wakongo wengi. Ndugu zetu Warundi na Wanyarwanda wana umwenya, na Waswahili wa pwani wana kivumbasi. Majina hayo yanataja mimea ya ukoo mmoja, ukoo wa mrihani, wenye aina nyingi zinazofanana. Ukisugua jani lake kidoleni unasikia harufu kali. Harufu hiyo ni mafuta mepesi sana yaliyo ndani ya jani, yanayoruka hewani upesi. Mmea haukuyatengeneza kwa ajili yetu. Mmea hauwezi kumkimbia mdudu, kwa hiyo hujilinda kwa kunuka.

Wazee wa nchi zetu waliligundua hilo zamani, bila maabara. Nchini Rwanda ilikuwa desturi kutia majani ya kivumbasi kwenye chakula kilichohifadhiwa. Desturi hiyo ilimvuta mkemia Mnyarwanda, Léonidas Ntezurubanza, pamoja na wataalamu wa wadudu kutoka Marekani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1991. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya mmea ule ni kitu kiitwacho linaloli, na kwamba kinaua wadudu wanaotoboa maharage na nafaka. Lakini sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipopigwa na aibu. Majani yaliyosagwa wakati huohuo ndiyo yaliyokuwa na nguvu. Jani kavu lililotiwa zima halikufanya kazi hiyo. Na hata lililosagwa, nguvu yake hupungua upesi, kwa sababu mafuta yanaruka.

Kumbe nilipoyaanika juani siku nne, dawa yote ilikwenda angani. Nilichotia mfukoni kilikuwa makapi ya dawa. Tena niliyatandaza juu tu, wakati mdudu alikuwa chini, ndani ya punje. Nilipomuuliza mama, akakumbuka kwamba bibi aliyaanika majani chini ya dari, kivulini, akayatwanga asubuhi ileile ya kuweka maharage, akachanganya na majivu yaliyochekechwa, akaziba mtungi. Mimi nilikuwa mtoto. Niliona jani, sikuona kazi.

Jirani zetu wa Kenya nao walifuatilia jambo hilo. Jijini Nairobi kuna kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Thomas Odhiambo. Mwaka 1990 mkemia Ahmed Hassanali na wenzake wa kituo hicho walitoa utafiti kuhusu vitu viwili vinavyotumiwa na wakulima wa Afrika Mashariki kulinda nafaka: majani ya aina moja ya kivumbasi, na karafuu. Ndiyo, karafuu hizi za Unguja na Pemba unazotia kwenye pilau ukiwa na bahati. Vyote viwili vilimfukuza fukusi wa mahindi, na vyote viwili vina mafuta yaitwayo eujenoli. Kama umewahi kuzibwa jino na daktari, harufu ile ya dawa yake ndiyo eujenoli. Angalia neno nililotumia, kufukuza. Fukusi akisikia harufu hageuki maiti papo hapo, ila anatafuta kwingine. Kama hana kwingine, au harufu ikiisha, anarudi.

(Muziki kidogo.)

Sasa tuache majani, twende kwenye ua. Wengine wetu tumelelewa karibu na mashamba ya pareto, kwa kuwa ua hilo jeupe limelimwa kwenye milima ya Kivu, Rwanda upande wa volkano, Kenya, na hapa Tanzania katika nyanda za juu za kusini. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya Ulaya. Liliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo Japani ndiyo iliyoongoza kuliuza duniani, lakini Vita Kuu ya Pili ilipokata njia za biashara na Japani, Kenya ikashika nafasi. Wakulima walichuma ua kwa mkono, moja moja, ili watu wa mbali waue mbu na viroboto.

Pareto ina nguvu kubwa na haimdhuru sana mtu. Udhaifu wake ni uleule wa lumbalumba: haikai. Mwanga wa jua huiharibu haraka. Kwa hiyo wakemia wakaanza kuiiga, wakitafuta pareto isiyoogopa jua. Mwaka 1973, katika kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, Michael Elliott na wenzake wakatoa permethrini. Iliundwa maabara kwa kufuata umbo la dawa iliyomo katika ua. Dawa za ukoo huohuo ndizo zinazotiwa kwenye vyandarua vya mbu. Kwa hiyo ukilala leo chini ya chandarua, unalala chini ya mjukuu wa ua la milimani.

Permethrini ilihitajika upesi kuliko walivyodhani, na iliyoihitaji ni Tabora, mkoa unaopakana na huu wetu wa Kigoma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Tabora waliona mdudu wasiyemjua. Alikuwa mdogo, mweusi, kichwa kimejificha chini kama amevaa kofia. Alitoboa mahindi yakiwa bado kwenye gunzi, akatoboa makopa ya muhogo, akatoboa hata mbao za ghala. Wakamwita dumuzi. Wengine wakamwita Scania, kwa jina la lile lori zito. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Wataalamu wanadhani aliingia na mahindi yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Mkoa huohuo wakati ule ulikuwa na wakimbizi Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, waliopewa makazi Ulyankulu. Nikisoma haya huwa nawafikiria: mtu amekimbia, amepewa ardhi, amelima, amevuna, kisha anafungua ghala na kukuta unga wa mdudu.

Familia nyingine zilipoteza hadi theluthi ya uzito wa mahindi yao katika miezi michache. Kufika mwaka 1983 mdudu alikuwa ameonekana Kenya, upande wa Taveta, na mwaka 1984 Burundi. Yeye hakuulizwa kitambulisho mpakani.

Hapo mazoea ya wazee yakakwama. Walizoea kuhifadhi mahindi kwenye gunzi, na gunzi ndilo linalompa dumuzi pa kushikilia anapochimba. Harufu ya majani haikumfikia kule ndani. Wakulima wakashauriwa kubadilika: pukuchua mahindi kwanza, kisha changanya na unga wenye dawa mbili, moja ya kumuua fukusi na nyingine, permethrini, ya kumuua dumuzi, kwa sababu dawa ya fukusi peke yake haikumtosha. Baadaye wataalamu walileta hata adui yake wa kwao, mdudu mwingine mdogo anayekula mayai na watoto wa dumuzi. Alifunguliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Alisaidia sehemu fulani, sehemu nyingine hakuonekana kufanya kitu.

Dumuzi aliacha pia biashara. Tangu hapo kila soko lina mtu anayeuza unga wa dawa, na hapa nataka usogee karibu na redio. Sokoni kwetu wanauza dawa iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, haina jina, haina maelezo. Usinunue. Na wanauza vidonge vya kufukizia maghala makubwa. Kidonge kile kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo hupita kwenye mfuko, hupita kwenye pazia, na haichagui kati ya fukusi na mtoto aliyelala. Haina dawa ya kuizima ikishaingia mwilini. Ghala kubwa la gunia elfu moja lina wataalamu wake na siku zake za kufungwa. Chumba chako cha turubai ndicho ghala, jiko na kitanda. Kidonge hicho kisiingie humo hata kama muuzaji ni rafiki yako.

Wala usidhani kila kitokacho porini ni salama. Utupa, majani yale ambayo wavuvi wa nyumbani hutwanga ili kulewesha samaki, wapo watu wanaoutia kwenye maharage. Unaua wadudu kweli, na ni sumu kweli. Kwa chakula cha kesho mimi siutii.

Basi sasa tunafanyaje nyumbani kwetu? Tunakausha maharage vizuri. Njia ya kupima ni hii: tia kiganja cha maharage na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu, yarudishe juani. Yakikauka na kupoa, tunayatia kwenye dumu, au bido kama tusemavyo Wakongo, lililooshwa na kukauka kabisa. Tunalijaza mpaka shingoni, tunaweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko, tunakaza. Wadudu waliomo ndani huvuta hewa iliyobaki, inawaishia, wanakufa. Usilifungue kila siku kuchungulia. Kila ukifungua unawapa pumzi. Ya kula wiki hii yaweke pembeni, kwenye chombo kingine.

Ipo pia njia ya mafuta ya kula, iliyochunguzwa Colombia miaka ya 1970: kijiko kimoja cha chai kwa kilo moja ya maharage, unachanganya mpaka kila punje ing'ae, na mayai ya mdudu hayaanguliwi. Njia ni nzuri. Ila kwa mgao wa mafuta tunaoujua, sijui ni nani kati yetu atayapaka maharage kabla ya kuyapika.

Na lumbalumba? Tunaitumia bado, kwenye kile chombo cha wiki. Majani yanakauka kivulini, mama anayatwanga asubuhi, tunachanganya mpaka chini. Tunatia mapya harufu inapoisha. Baba mdogo analalamika kwamba maharage yananukia dawa ya kikohozi, lakini sahani anairudisha tupu.

Nina ombi kwako. Bibi yangu alibaki kule, na niliyoyasikia kwake ni machache. Wewe mama, wewe mzee, kama unakumbuka nyumbani kwenu walitia nini ghalani, jani gani, lilikaushwa vipi, lilitwangwa lini, lilichanganywa na nini, njoo kwenye chumba chetu cha kurekodia Jumatano au Ijumaa baada ya saa nane mchana. Sema kwa lugha yoyote unayoiweza. Tutarekodi, na kipindi kijacho watu watakusikia wewe.