Jina la Rubani Mwanafunzi

Mwenye kuandika historia ya vita hushawishika kuanza na majemadari na mapigano makubwa. Lakini vita huua hata mahali pasipo na adui. Katika Vita Kuu ya Pili, ya 1939 hadi 1945, kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza peke yake ilipoteza watu 55,573, na zaidi ya 5,000 miongoni mwao walikufa katika ajali za mafunzo. Kifo cha namna hiyo hakipigiwi tarumbeta. Kwa hiyo ni chepesi kusahauliwa. Hebu tukifuate kimoja, tuone mtafiti hupita njia gani, na njia hiyo ina fundisho gani kwetu.

Tarehe 11 Desemba 1941, juu ya mashamba ya Lincolnshire, upande wa mashariki wa Uingereza, ndege mbili ziligongana. Moja ilikuwa Spitfire, ndege ya kivita ya mtu mmoja. Rubani wake alikuwa John Gillespie Magee, kijana wa miaka 19 aliyezaliwa Shanghai, baba yake Mmarekani na mama yake Mwingereza, naye alikuwa askari wa jeshi la anga la Kanada. Ya pili ilikuwa Oxford, ndege ya mafunzo yenye injini mbili, iliyotoka katika kiwanja cha Cranwell. Ndani yake alikuwamo mwanafunzi wa urubani, Ernest Aubrey Griffin. Magee na wenzake walikuwa wakishuka kupitia uwazi wa mawingu, na chini ya mawingu hayo mwanafunzi alikuwa akijifunza kazi yake. Wote wawili walikufa.

Hapo ndipo njia zao zinapoachana. Miezi michache kabla ya ajali, Magee alikuwa amewapelekea wazazi wake barua yenye shairi fupi juu ya furaha ya kuruka angani, liitwalo High Flight. Shairi hilo lilienea Marekani na Kanada, na mwaka 1986, chombo cha angani Challenger kilipolipuka, Rais Reagan aliyataja maneno yake katika hotuba ya maombolezo. Kutokana na karatasi moja, maisha ya Magee yameandikiwa vitabu. Griffin hakuacha shairi. Katika maandishi mengi yeye hutajwa kwa sentensi moja tu, kama kwamba alizaliwa ili agongwe na mtu mashuhuri.

Je, mtafiti amtafute wapi mtu wa namna hii? Kwanza huenda kaburini, au katika orodha ya tume ya makaburi ya vita, iliyoanzishwa mwaka 1917. Humo hupatikana jina, cheo, namba, kikosi na siku ya kufa. Na mara nyingine umri na majina ya wazazi. Kisha huenda katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko London, asome daftari ambalo kila kikosi kilipaswa kuandika mambo yake ya siku kwa siku. Tena zipo kadi za ajali, zinazoeleza aina ya ndege na chanzo kilichodhaniwa. Mwisho huzitafuta barua na picha zilizobaki kwa jamaa. Kila hati huulizwa maswali yale yale: nani aliiandika, lini, na kwa faida ya nani? Afisa aliyeandika taarifa ya ajali aweza kuwa ndiye aliyeamuru safari.

Lakini tuzingatie jambo moja. Pamoja na wingi wote wa karatasi, dakika ya mwisho ya Magee hatuijui kutokana na daftari lolote. Mkulima aliyekuwa chini alimwona rubani akihangaika kusukuma kifuniko cha ndege, akasimama, akaruka. Bali ardhi ilikuwa karibu mno, na mwavuli haukuwahi kufunguka. Ushahidi wa mkulima huyo ndio uliotuhifadhia habari hiyo. Basi wale wanaodharau masimulizi ya mdomo, wakidai kuwa historia ni maandishi tu, na wakumbuke shamba lile la Lincolnshire.

Kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili lina uchungu wake. Tume ile ile iliyoahidi kumpa kila marehemu jina lake, pasipo kutazama cheo wala asili, haikuitimiza ahadi hiyo kwa watu wetu. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi katika vita vya 1914 hadi 1918 walizikwa bila mawe. Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zilipata sanamu za askari. Majina ya wapagazi hayakuchongwa. Mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri na kuomba radhi. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Griffin ana sentensi moja; wapagazi hao hawana hata hiyo.

Mashahidi wa vita vile wamekwisha kufa wote. Waliobaki ni wana na wajukuu, hasa wa askari waliopelekwa Burma katika vita vya pili. Mwanafunzi anayetaka kuwa mwanahistoria asingoje safari ya London. Na aanze nyumbani: amwulize bibi yake jina la yule aliyekwenda asirudi, aliandike pamoja na kijiji chake na jina la anayesimulia, kisha alilinganishe na hati. Mwalimu na amwongoze katika kazi hiyo. Jina likishapotea kwa wenyewe, hakuna hifadhi ya nyaraka itakayolirudisha.