Papa, Sungura na Yai Lililojificha

Tangu zama za Galeni, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, hadi katikati ya karne ya 17, wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba viungo viwili vidogo vilivyo kando ya kizazi cha mwanamke, ambavyo leo huitwa ovari, ni korodani za kike, yaani tezi za kutengeneza mbegu kama zile za mwanamume, ila zimefichika ndani ya mwili. Aliyeitikisa imani hiyo alikuwa papa, na ushahidi ulioizika ulitoka kwa sungura.

Mnamo Oktoba 1666 wavuvi walimnasa papa mkubwa karibu na Livorno, katika pwani ya Italia, na mtawala wa Toscana, Ferdinando II de' Medici, akaagiza kichwa chake kipelekwe Firenze, kwa mtaalamu wa anatomia kutoka Denmark, Niels Stensen. Wanajiolojia hukikumbuka kichwa hicho kwa sababu ya meno yake, ambayo Stensen aliyalinganisha na vijiwe vyenye umbo la ulimi vilivyookotwa nchi kavu, akadai kuwa navyo ni meno ya papa wa kale. Hata hivyo, kitabu hichohicho, kilichotoka mwaka 1667, kilikuwa na maelezo mafupi ya upasuaji wa papa mdogo wa jamii inayozaa watoto hai, na pengine maelezo hayo yalistahili sifa kuliko yale ya meno. Mayai ya papa ni makubwa, yamejaa kiini, na huonekana waziwazi yakiwa bado ndani ya ovari. Stensen alipoona kwamba mnyama azaaye watoto hai huanza na yai, alitamka kuwa hana shaka tena kwamba zile zilizoitwa korodani za wanawake ni ovari.

Huo ulikuwa ulinganisho tu, na ulinganisho hauthibitishi jambo. William Harvey, tabibu wa mfalme Charles I wa Uingereza, alikuwa amepasua kulungu wengi wa mfalme baada ya msimu wa kupandana, na kwa majuma kadhaa hakuona chochote ndani ya kizazi wala mabadiliko yoyote katika hizo "korodani", akahitimisha mwaka 1651 kuwa hazina kazi katika uzazi. Regnier de Graaf, tabibu kijana wa Delft nchini Uholanzi, alichagua sungura, na katika kitabu chake cha 1672 alieleza jinsi alivyowapasua majike kwa vipindi tofauti baada ya kupandwa, kuanzia nusu saa hadi karibu na siku za kuzaa. Bahati ilikuwa upande wake kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuijua: sungura jike huachilia mayai baada tu ya kupandwa, kiasi cha saa kumi hivi, kwa hiyo saa ya kupandana hutosha kuwa mwanzo wa hesabu. Siku ya tatu aliona vijiyai katika mrija wa uzazi na katika pembe ya kizazi, na alipohesabu makovu yaliyobaki kwenye ovari, aliyakuta yakilingana na idadi ya viinitete.

Hapo ndipo mfano wa papa ulipoanza kupotosha. Kwa kuwa yai la papa hujionyesha lenyewe, de Graaf alidhani kwamba vifuko vya majimaji vilivyo kwenye ovari ya sungura, ambavyo leo huitwa folikuli, ndiyo mayai yenyewe, japo alishangaa kuona vijiyai vya mirijani vikiwa vidogo kuliko vifuko vilikotoka. Yai halisi la sungura, lenye upana wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, lilikuwa limejificha ndani ya kifuko, na hakuna aliyeona yai kama hilo ndani ya folikuli hadi mwaka 1827, Karl Ernst von Baer alipopasua folikuli ya mbwa na kuweka kitone cha manjano chini ya hadubini.

Upande wa papa nao ulikuwa na deni la zamani zaidi. Aristotle alikuwa ameandika, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, kwamba watoto wa papa fulani laini huunganishwa na kizazi cha mama kwa kitovu kama watoto wa wanyama wa miguu minne, na wengi waliliona dai hilo kuwa la ajabu mno kuaminika. Mwaka 1842 Johannes Müller wa Berlin alichapisha uthibitisho wa dai hilo, akaonyesha pia chanzo cha mabishano: katika Mediterania kuna papa wa aina mbili wanaofanana sana, mmoja huwalisha watoto wake kwa kondo, mwingine hana kondo kabisa.