Hariri ya Msitu wa Kakamega

Katika Msitu wa Kakamega, viwavi wa nondo Anaphe panda hula majani ya mkarati, kisha husuka kiota kimoja cha hariri ya kahawia na kujifungia humo kwa pamoja. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walishirikiana na wakazi kuwafunika viwavi kwa vyandarua, wasiliwe na ndege na wadudu. Mkarati ukiishia kuwa makaa, hakuna kiwavi.

Hariri iliyozoeleka, ya viwavi walao mforsadi, hutaka mdudu auawe kwa joto ndani ya kifuko ili uzi usikatike. Hii ya Kakamega husokotwa kama pamba, kwa hiyo kiota chaweza kuvunwa nondo wakisharuka. Huchemshwa kuondoa gundi, husafishwa, kisha husokotwa.