Klarineti iliyovuka mto

Ninyi mulio kambini, wanafunzi wa muziki wakipuliza klarineti mbele ya watu, wengi husema hicho ni chombo cha wazungu. Mimi sikubali. Mwaka 1956, pale Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, orkestra OK Jazz ilipoanza, Franco alishika gitaa na Jean Serge Essous, aliyetoka ng'ambo ya mto, Brazzaville, alipuliza klarineti. Watu walicheza!

Mwaka 1959 alirudi kwao, akaanzisha na wenzake Les Bantous de la Capitale. Ninyi muliokimbia munajua uzito wa kila mzigo. Klarineti inafunguliwa vipande, inaingia ndani ya kisanduku kidogo. Huku OK Jazz hawakuacha vya kupuliza: mwaka 1963 aliingia Verckys na saksofoni yake.