Umri wa Kutimia

Jioni joto linapopungua, njia ya kando ya maji ya Porto Arabia, katika kisiwa cha The Pearl jijini Doha, hujaa vigari vya watoto. Wengi wanaovisukuma ni mayaya, na wamo wanaozungumza Kiswahili. Hapo ndipo watoto hulinganishwa. "Wangu ameshaanza kukaa. Wako ana miezi tisa, mbona bado, dada?" Huenda anayeulizwa anajua kwamba mtoto alizaliwa mimba ikiwa na wiki 28, na kwamba kliniki humhesabia umri wa namna mbili. Anachokosa ni jina la ule wa pili kwa lugha yake.

Umri huo huhesabiwa kuanzia siku ambayo mtoto alitarajiwa kuzaliwa. Mimba kamili ni wiki 40. Anayezaliwa kabla ya wiki 37 ni wa kabla ya wakati, yule ambaye Watanzania humwita njiti. Wa wiki 28 alitangulia kwa wiki 12. Basi miezi tisa yake ya kuzaliwa tunaipima kama miezi sita, umri ambao watoto wengi ndio kwanza wanajifunza kukaa. Hajachelewa.

Kwa Kiingereza huitwa "corrected age", na tafsiri inayokuja haraka ni "umri uliosahihishwa". Siikubali. Kinachosahihishwa ni kosa, na mama atauliza nani alikosea. Akina mama wengi tayari wanajilaumu usiku kucha kwa jambo ambalo hawakulisababisha. Napendekeza umri wa kutimia. Tunasema mimba imetimia, tunasema mtoto hajatimiza miezi yake, na bibi wa Lamu au wa Tanga ataelewa bila kufafanuliwa. Kando yake ubaki umri wa kuzaliwa, na kadi ya mtoto ionyeshe zote mbili.

Ubongo ndio unaoipa hesabu hii uzito. Katika wiki ya 24 ya mimba uso wa ubongo unakaribia kuwa laini. Kufikia wiki ya 40 umejikunja mikunjo tele. Hata katika wiki ya 35 ubongo una takriban theluthi mbili tu ya uzito utakaokuwa nao mimba ikitimia. Kazi hii haisimami mtoto anapotoka tumboni, wala hairuki hatua kwa sababu ameshaona mwanga. Sehemu kubwa yake huendelea kwa ratiba iliyoanza mimba ilipotungwa.

Ndiyo maana watafiti wa King's College London, walipochunguza ubongo wa watoto wachanga kwa MRI, waliwapiga picha baadhi ya waliozaliwa mapema mara mbili: muda mfupi baada ya kuzaliwa, kisha tena walipokaribia wiki 40. Picha ya pili ndiyo inayoweza kuwekwa kwa haki kando ya ile ya mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake. Bila kutimia, hakuna ulinganisho.

Lakini wiki zilizokosekana tumboni zinaweza kuacha alama. Seli changa zinazotarajiwa kutengeneza maielini, utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za neva na kuharakisha mawasiliano, ni dhaifu sana kati ya wiki ya 24 na ya 32. Upungufu wa oksijeni na maambukizi huzidhuru kwa urahisi. Matunzo nayo yana nguvu. Mjini Bogotá, ambako mwaka 1978 madaktari walianza kuwaweka watoto njiti ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, baadhi ya waliotunzwa hivyo katika miaka ya baadaye walipimwa tena baada ya miaka 20. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba maada ya kijivu ya ubongo wao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao wa kundi la kulinganishia.

Umri wa kutimia una mipaka yake. Kwa kawaida chanjo hufuata umri wa kuzaliwa, kwa hiyo asicheleweshewe mtoto sindano kwa kudhani bado mdogo. Wataalamu wengi huacha kuutumia mtoto anapofikisha miaka miwili. Tena usiwe pazia: mtoto mwenye miezi sita ya kutimia ambaye bado hawezi kuinua kichwa chake hatuwezi kusema ni kwa sababu alizaliwa mapema. Wiki zile zimeshahesabiwa, na sasa apelekwe kwa daktari wa watoto.